Maonyo Tuliyoyanyamazisha

3 Februari

Wifi yangu mchokozi,

Kabla hujauliza: tuko wazima. Kibonge ameota jino, na jino lenyewe kaanza kulijaribu kwangu. Akining'ata nalia, nikilia anacheka. Baba yake anasema mtoto kachukua ukatili wa upande wetu, nami nimemjibu angalau amechukua kitu, maana kwake yeye hata pua hakuirithi. Mama magoti yanaendeleaje? Mwambie ile dawa ni ya kuchua, si ya kunusa na kurudisha kabatini. Na huyo kaka yangu bado anakoroma? Mvumilie. Sisi tulimvumilia bure, wewe ulimchagua.

Barua nampa dereva anayeleta mitungi ya oksijeni hospitalini kwenu, kama kawaida. Simu yako nimeipiga mpaka nimechoka kumsikia yule dada anayesema hupatikani.

Nimerudi kazini, wifi. Likizo ya uzazi imeisha hata sijajua ilianza lini. Nakaa kwenye kompyuta, maziwa yanavuja, macho yananiuma, na wenzangu wote ni vijana wasio na mtoto wanaouliza kwa nini napiga miayo. Lakini leo nina la kujisifia, nisikilize.

Unakumbuka ulivyolalamika kuhusu yale magodoro yetu ya kusikiliza pumzi za watoto wachanga? Ulisema yanapiga kengele hovyo mpaka manesi mnatamani kuyatupa dirishani. Sasa tunawaletea toleo jipya la programu yake. Mimi nafanya kazi kwenye kiini, ile sehemu ya ndani kabisa inayozungumza na waya na vifaa. Tukiandika, tunaikabidhi kompaila, yaani programu inayosoma maandishi yetu na kuyageuza yawe lugha ya mashine. Kompaila yenyewe ina tabia za mwalimu wa zamu. Kila kitu inakitilia shaka. Mwezi uliopita tumeweka kompaila mpya, na hiyo ndiyo imezidi. Inatoa maonyo kurasa na kurasa: kisanduku hiki huenda kikatumika kabla hakijajazwa, na kile pia, na kile.

Kisanduku ni mahali tunapoweka namba. Ukisahau kukijaza, ndani kunakuwa na takataka zilizoachwa na kazi iliyopita, kama kuazima bakuli la jirani bila kuliosha.

Sisi ofisini tuna siku ya kufagia. Kabla toleo halijatoka, maonyo yanagawanywa kwa kila mtu. Ukinyamazisha onyo moja unagonga kijiko kwenye kikombe, na atakayemaliza fungu lake wa kwanza anaruhusiwa kwenda nyumbani. Mkuu wetu, tunayemwita Chapuchapu, anapita nyuma ya viti anapiga makofi: "Haya, haya, nataka ukurasa mweupe!" Wifi, ungesikia vijiko vile ungedhani tuko harusini. Na aliyeshinda ni nani? Ni mimi, mama wa mtoto, mwenye macho mekundu. Kwa kila onyo nilikijaza kisanduku sifuri mwanzoni kabisa, kompaila ikaridhika, nikagonga kijiko, nikaenda kwenye lingine. Nimefika nyumbani jua likiwaka, nikamkuta Kibonge hajalala. Tumecheza mpaka tukasinzia wote sakafuni.

Mafundi watafika hospitalini kwenu wiki hii kuweka hilo toleo. Uniambie kama limewapa nafuu.

Wifi yako mwenye vikombe,
Mama Kibonge


18 Februari

Mama Kibonge wewe,

Hongera kwa jino. Pole kwa jino. Mwaka ule ulipokuja hapa ukala nyama yote ya kaka yako nilijua tu kuna siku na wewe utaliwa.

Sisi huku tunasonga. Mama anakusalimu. Dawa anaipaka, lakini anaipaka kwenye kiwiko, anasema goti limezoea maumivu, kiwiko bado kigeni. Kaka yako kapata kazi ya kupaka rangi shule nzima, anarudi na nywele za kijani, na nimekataa kutembea naye barabarani. Kuhusu kukoroma, siku hizi tunashindana.

Sasa habari za magodoro. Wifi, Mungu akupe unachotaka. Kimya! Kimya kabisa! Mafundi wamekuja, wakachomeka vitu vyao, wakanywa chai yetu wakaondoka, na tangu hapo wodi ya watoto imekuwa kama maktaba. Zamani ukimbadilisha mtoto nepi, kengele. Ukilisogeza godoro kidogo, kengele. Ukipiga chafya, kengele. Moyo unaruka, unakimbia, unamkuta mtoto anakutazama tu. Sasa ni taa za kijani mstari mzima, zinapendeza macho. Hata lile godoro la kitanda cha mlangoni, lile ambalo waya wake umelegea na plagi inachomoka kwenye mashine kila ukiligusa, siku hizi halilii tena. Nilifunga waya kwa plasta ya jeraha zamani sana, nikaomba lingine, hawajaleta. Nadhani mmelitibu kutoka huko huko. Mna uchawi.

Nimewaambia wenzangu kwamba wifi yangu ndiye aliyefanya. Mmoja kasema akuoe, nikamwambia umeshaolewa na mtu asiye na pua ya kurithisha.

Matroni naye kafurahi. Amesema kwa kuwa mashine zimetulia, nesi mmoja sasa anaweza kushika vyumba vyote viwili, mwingine aende kusaidia kwa wajawazito. Kwa hiyo asubuhi niko peke yangu na vichanga vyangu. Siyo vibaya. Naimba, na hakuna wa kunikosoa sauti.

Dereva anasema gari lake linaelekea gereji kwanza, kwa hiyo usishangae barua ikichelewa. Mbusu Kibonge shavuni, mbali na meno.

Wifi yako wa wodini


5 Machi

Wifi,

Barua yako nimeipata leo asubuhi. Nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni pa ofisi, mkoba bado begani, na nilipofika kwenye lile godoro la mlangoni niliirudia mistari ile mara mbili. Nisamehe, salamu zitafuata. Naomba usome hii taratibu.

Godoro ambalo plagi yake imechomoka LAZIMA lipige kengele. Lisipolia kuna kitu kibaya sana.

Sikukaa hata kwenye kiti. Nimekwenda chumba cha majaribio, kuna mashine moja ya kujaribia na mdoli wa mpira anayepumua kwa pampu. Nikaiwasha. Taa ya kijani. Nikachomoa plagi ya godoro. Taa ya kijani. Nikaliinua godoro lenyewe na mdoli wake nikaliweka juu ya meza ya pili, waya unaning'inia, mimi nimekaa naangalia. Kijani, wifi. Ile mashine ilikuwa inaniambia mtoto anapumua vizuri na hakukuwa na mtoto, hakukuwa na godoro, hakukuwa na chochote. Nilijisikia kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake akakuta ukuta.

Nimefuata njia yote ndani ya kiini. Iko hivi. Kuna kisanduku kimoja kinachobeba hali ya godoro. Sifuri maana yake ni salama, namba nyingine yoyote maana yake ni tatizo, piga kengele. Godoro likijibu, kisanduku kinajazwa. Lakini kuna njia moja pembeni, pale godoro lisipojibu kabisa, ambapo aliyeandika zamani alisahau kukijaza. Hicho ndicho kompaila ilichokuwa inatuonyesha. Ilikuwa na haki!

Zamani kisanduku hicho kikiachwa kitupu kilibaki na zile takataka, na takataka karibu siku zote si sifuri, ndiyo maana plagi ikilegea kengele ililia. Kelele mlizozichukia zilikuwa za bahati nasibu, lakini zilikuwa za kweli. Sasa ili kuinyamazisha kompaila, mtu mmoja ofisini alijaza sifuri mwanzoni. Kwa hiyo godoro likikatika, mashine inakuta sifuri, inasema salama. Inasema salama juu ya kitu isichokisikia.

Na hakuna aliyejaribu kuchomoa plagi kabla ya kulituma toleo, kwa sababu tangu tuanze kazi hii plagi ikichomoka kengele ilikuwa inalia.

Nimepiga simu ya ofisi ya matroni. Nimemwambia kwa mdomo wangu: msiziamini taa za kijani, wekeni watu. Amesema sawa, atashughulikia. Chapuchapu naye amesema atawaandikia rasmi. Lakini wewe nakuambia kama ndugu. Nenda kwenye kila kitanda. Weka mkono kifuani. Usiangalie taa.

Na uniandikie haraka. Uniambie kwamba hakuna kilichotokea.

Mama Kibonge


7 Machi

Kwako wifi,

Sijapata barua yako, gari halijafika. Hii nampa jirani anayesafiri.

Sisi wazima. Mama mzima. Mvua imenyesha sana.

Nipo likizo kidogo, nimepumzika nyumbani. Nafua mapazia. Usiandike kwa anwani ya wodini, andika kwa nyumbani. Sina la zaidi, kichwa kinaniuma.

Wifi yako


16 Machi

Wifi,

Barua yako ya tarehe 5 ilifika wodini, ikakaa kwa mpokea barua, ndipo kaka yako akaenda kuichukua. Niliisoma jikoni. Kisha nikampa kaka yako aisome kwa sauti, kwa sababu sikuamini macho yangu. Alipofika pale pa mdoli nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena. Akaniuliza, "Unalia au unacheka?" Sikujua.

Sikuwa likizo. Nimesimamishwa kazi.

Ilikuwa tarehe 24 Februari, asubuhi, baada ya kuwaogesha. Nilikuwa chumba cha pili namlisha pacha mmoja kwa kikombe, wale hawajui kunyonya bado, wanalishwa tone kwa tone. Kabla ya kwenda nilipita kitanda cha mlangoni, nikatazama taa, kijani. Mtoto wa kike, mdogo, lakini alikuwa anaongezeka uzito, alikuwa ananenepa mashavu. Niliporudi niliitazama tena ile taa. Kijani. Nikaenda kuosha vikombe. Mama yake aliingia kumnyonyesha, akamnyanyua, ndipo akapiga ukelele ambao siku nitakayokufa nitakuwa bado nausikia.

Tulifanya yote. Daktari alikuja anakimbia bila viatu. Mtoto hakurudi.

Fundi wa hospitali aliikagua mashine mbele yetu. Akaiwasha, kijani. Akaizima, akaiwasha, kijani. Akasema mashine haina tatizo. Basi kama mashine haina tatizo, tatizo ni nani? Kamati ikaniita. "Ulizima kengele ili upumzike?" Sikuzima. "Ulilala?" Sikulala. "Mbona basi haikulia?" Sijui. "Hujui?" Sijui, wakubwa. Wakatazamana. Wanajua tulivyokuwa tunazichukia zile kelele, kila mtu anajua, mimi mwenyewe nilizisema mbele ya matroni kwa mzaha mara nyingi tu.

Wifi, unajua kibaya zaidi ni nini? Nilikuwa nimeanza kuamini. Nilikaa hapa nafua mapazia yaliyo safi nikijiuliza: labda nilizima. Labda mkono ulikwenda wenyewe, kwa uchovu, nikasahau. Nilikuwa nimeshaanza kuuona mkono wangu ukizima. Niliuona kabisa, na kidole.

Mama yake mtoto hatukutani naye. Anapita upande wa pili wa barabara.

Matroni kweli alipigiwa simu na wewe, lakini barua rasmi ya kampuni yenu inasema "hitilafu ndogo ya taa, itarekebishwa". Kamati imeiweka pembeni, inasema haihusiani. Kikao cha mwisho ni tarehe 20 Aprili. Wakiniona na hatia napoteza leseni, na mama yule atabaki akijua kwamba mwanawe amekufa kwa sababu nesi alitaka kupumzika.

Nina swali moja. Umeandika "mtu mmoja ofisini". Huyo mtu ni nani?

Wifi yako


22 Machi

Wifi yangu,

Ni mimi.

Ulikuwa unajua, sivyo? Nilikuandikia mwenyewe nikijisifu na vijiko. Programu yetu inatunza kumbukumbu ya nani aliandika mstari upi, na siku ile ya mdoli niliifungua nikitarajia jina la yeyote mwingine. Nililikuta langu. Nikaandika "mtu mmoja" kwa sababu kalamu ilikataa, na mimi nikaiachia ikatae. Sitafanya hivyo tena.

Mtoto wa kike. Sikuweza kumnyonyesha Kibonge jana, wifi. Maziwa yapo, mwili ulikataa. Baba yake alimpa ya chupa, mimi nimekaa bafuni nimefungulia maji wasinisikie.

Lakini sikuandikii ili unipe pole. Usinipe. Nakuandikia ujue nilichofanya.

Kwanza godoro. Ile sifuri nimeiondoa. Nikaiacha kompaila ipige kelele yake yote, nikakaa naisoma kama ninavyosoma barua zako, neno kwa neno. Njia ile ya pembeni, pale godoro lisipojibu, sasa inasema wazi kwamba godoro halijibu, na kengele inalia. Kisha nikarudi kwenye maonyo yote niliyoyagongea kijiko siku ile. Mengi hayakuwa na madhara. Moja jingine lilikuwa na madhara, la mashine ya kuwapa watoto joto, nalo nimelirekebisha. Sikulala sana, lakini hilo si jipya kwangu.

Pili, nimekwenda kwa Chapuchapu na barua yako mkononi. Nimemsomea. Alinisikiliza mpaka mwisho, nikadhani ataniunga mkono. Kisha akasema, "Tutatuma toleo jipya. Tutaandika lina maboresho."

"Maboresho gani, bosi? Tuliwaambia watu mtoto anapumua wakati hatumsikii."

"Kuna njia za kuyasema haya mambo."

"Ziseme basi. Nazisubiri."

Akanisukumia fomu ya kampuni ya taarifa za hitilafu. Kuna mahali pa kujaza kama kuna mgonjwa aliyedhurika. "Andika hakuna," akasema. "Hatuna ushahidi kwamba yupo. Kitoto kile kilikuwa kidogo, kingeweza kufa hata kengele ikilia."

Nikamwambia, "Kingeweza. Lakini mimi sijui, na wewe hujui, na mahali nisipojua siandiki hakuna. Nilishaandika sifuri mara moja."

Akaniangalia kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonikera. "Una mtoto mdogo nyumbani. Mfikirie."

"Ndiye ninayemfikiria."

Nikatoka.  Wenzangu walikuwa wameinamia kompyuta, hakuna aliyeinua kichwa, isipokuwa binti mmoja wa chumba cha majaribio alinifuata kwenye ngazi akaniambia, "Dada, ile mashine ya mdoli nimeipiga picha ya video. Plagi imetoka, taa inawaka. Unaitaka?"

Nimeichukua. Nitaipeleka kwenye kamati yenu, na maelezo yangu yote, na jina langu, na mstari wenyewe kama ulivyokuwa na kama ulivyo sasa. Nimeandika kwa Kiswahili cha kawaida ili hata mfagiaji aelewe. Sikuomba ruhusa ya mtu.

Mama asijue kwanza. Au ajue, sijui. Amua wewe.

Mama Kibonge


11 Aprili

Wifi,

Hujanijibu, na sikulaumu. Naandika tu ili usije ukadhani nimerudi nyuma.

Maelezo yangu yamefika. Katibu wa kamati amesaini kuyapokea, na dereva wa mitungi ameniletea hiyo saini mwenyewe, hakutaka hata ahsante ya chai. Mafundi wamekwenda kwenu na toleo jipya, nimewapa masharti: wachomoe plagi ya kila godoro mbele ya matroni, moja baada ya jingine, na wasiondoke mpaka kila moja limelia.

Kazini nimeambiwa nikae nyumbani hadi nitakapoitwa. Kibonge anafurahi. Ameanza kutambaa, anatambaa kinyumenyume, anaenda mbali na anachokitaka huku akikilalamikia.

Kaka alinipigia kutoka juu ya paa la shule. Hakusema mengi. Alisema, "Mke wangu anakula. Kidogo." Nikamwambia ahsante, simu ikakatika.

Nakusalimu, hata kama hunisalimu.

Mama Kibonge


4 Mei

Wifi,

Nilikuwa na barua yako ya tarehe 22 chini ya mto muda wote huu. Nimeijibu kichwani mara nyingi. Mara nyingine nilikutukana. Kaka yako alisema nikusamehe, dada yake amejitokeza, nikamwambia asinipangie, apake rangi. Mama nilimwambia yote. Alipaka dawa goti lile lile analokataa kulipaka, kisha akasema yeye hana la kusema kwa sababu wote wawili ni wanawe. Akaenda kulala mchana, hajawahi kulala mchana.

Kikao kilikaa. Waliiweka ile video kwenye ukuta. Wifi, chumba kizima kilikuwa kinatazama mdoli wa mpira amelala juu ya meza nyingine na taa inawaka kijani. Fundi wa hospitali alishika kichwa. Mwenyekiti akauliza, "Yaani siku ile ulivyoikagua, uliiwasha tu?" Fundi akasema, "Niliiwasha tu." Kisha wakasoma maelezo yako, na jina lako chini. Mwenyekiti akaniuliza ni nani wangu, kwa sababu jina la ukoo linafanana. Nikasema ni wifi yangu. Walitazamana tena, lakini safari hii si kwa namna ile.

Nimerudishwa kazini. Nesi wa pili naye amerudishwa wodini. Wameandika barua kwa kampuni yenu ambayo nadhani Chapuchapu hataipenda.

Siku ya kwanza nilikaa mlangoni pa wodi nikashindwa kuingia. Matroni alinishika bega akasema, "Ingia, wanakusubiri," kama vile mimi ndiye mgonjwa. Kile kitanda wamekisogeza dirishani, godoro lake jipya. Kuna mtoto mwingine, wa kiume, ana kelele kuliko mashine zote.

Sasa nisikilize.

Jumapili nilikwenda kwa mama yule. Hakuna aliyenituma. Alifungua mlango akataka kuufunga, nikaweka mguu. Nikamwambia nimekuja kusema kitu kimoja na nitaondoka. Nikamweleza habari ya taa na plagi, kama ulivyoeleza wewe, bila maneno makubwa. Alisikiliza amesimama, mkono kwenye kitasa. Nilipomaliza akasema, "Kwa hiyo hukulala?"

Nikasema, "Sikulala."

"Na hukuizima?"

"Sikuizima. Niliiamini."

Akakaa chini palepale kizingitini. Nami nikakaa. Watu walikuwa wanapita na vikapu vyao, wanatushangaa wanawake wawili watu wazima wamekaa chini mlangoni. Akasema, "Nimekuchukia kwa nguvu zangu zote. Sasa hizi nguvu nizipeleke wapi?" 

Kisha akaniuliza nani aliyeandika ile namba. Ningeweza kusema kampuni. Ningeweza kusema mtu mmoja ofisini. Nilimwambia ni wifi yangu, ana mtoto mdogo, alikuwa amechoka anataka kuwahi nyumbani kwake, na ndiye huyo huyo aliyejitaja mwenyewe kwenye kamati bila kushikwa.  Akauliza mtoto wako ana umri gani. Nikamwambia.

Akasema anataka kukuona. Hakusema kwa nini, na uso wake sikuweza kuusoma, kwa hiyo sikudanganyi kwamba itakuwa rahisi. Mimi mwenyewe bado nikikumbuka vile vijiko hasira inanipanda, na sijui itashuka lini. Ukija tutakaa, utalala chumba cha mama, na tutaona.

Nimemwambia utakuja na gari la mitungi, safari ijayo. Usinifanye mwongo.

Wifi yako